Wanagenzi wanane na sanduku la bakshishi: uchambuzi wa kisa kimoja cha hoteli

Kisa hiki ni cha hoteli moja ya ufukweni, Tanzania Bara, iliyopokea wanagenzi wanane kwa miaka miwili kuanzia Julai 2023. Jina la hoteli, wilaya, chuo na majina ya watu yameondolewa. Vyeo vimebaki, kwa sababu bila vyeo kisa hakieleweki. Nilikuwa mratibu wa upande wa msaada: kuandaa mikataba, kuwaelekeza wasimamizi namna ya kufundisha wakiwa kazini, kutembelea hoteli, na kusuluhisha panapokwama. Nimekiandika kwa ajili ya mameneja, maofisa rasilimali watu na walimu wa vyuo walio ndani ya mpango kama huu na wanaona mambo hayaendi.

## Usuli

Uanagenzi wa hoteli wa mtindo huu, mguu mmoja chuoni na mwingine kazini, si mgeni nchini. Chuo cha Taifa cha Utalii, chama cha wenye hoteli (HAT) na Shirika la Kazi Duniani waliuanzisha kwa pamoja muongo uliopita, na mwaka 2017 serikali ikatoa Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi. Kijana anakuwa na mkataba na mwajiri, anafuata mtaala wa chuo, na akiwa kazini kuna mtu anayewajibika kumfundisha. Mikataba tulikuwa nayo, mtaala tulikuwa nao. Kisa chote kinamhusu huyo mtu.

Hoteli yenyewe ina vyumba 58 na wakati huo ilikuwa na wafanyakazi 74. Katikati ya wiki inaishi kwa semina, wikendi na sikukuu kwa familia kutoka mjini na watalii. Desemba hujaa hadi wageni wanarudishwa getini. Masika, Machi hadi Mei, panakauka.

Meneja mkuu aliingia kwa sababu mbili na hakuficha hata moja. Kwanza, kila mwezi hoteli inalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa asilimia 3.5 ya mishahara kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. "Tunalipa kila mwezi, acha na sisi tuone matunda yake," alisema. Pili, alikuwa amechoka kuajiri wahudumu wenye cheti ambao hawajawahi kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja.

Makubaliano yalikuwa haya: miezi mitatu chuoni, miezi mitatu hotelini, kwa zamu, hadi Juni 2025. Watatu jikoni, watatu mezani, wawili vyumbani. Wakiwa hotelini wanalipwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi, chakula cha zamu na sare mbili. Saa za kazi ni 45 kwa wiki, kiwango kile kile cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mkataba uliandika hivyo.

Wafanyakazi wenyewe walitangaziwa habari hii kwenye kikao cha asubuhi, katikati ya idadi ya wageni wanaoingia na taarifa ya pampu ya maji iliyoharibika. Hakuna aliyeulizwa kama anaweza kufundisha, au kama anataka.

## Yaliyotokea: Oktoba hadi Desemba 2023

Wiki za mwanzo zilikuwa za ukarimu. Kisha wafanyakazi wakaanza kuwaita vijana "wa fildi", na kuwatumia kama watu wa fildi wanavyotumiwa kila mahali: kubeba, kufuta, kutumwa. Mwanafunzi wa fildi anakaa majuma nane anaondoka, kwa hiyo hakuna anayejisumbua kumfundisha. Wa jikoni walimenya vitunguu na viazi Oktoba nzima. Kijana mmoja aliniambia amejua kutofautisha magunia matatu ya viazi kwa harufu, ila jiko la kuokea hajaligusa.

Nilipoomba madaftari ya mafunzo katikati ya Desemba, yaliletwa yote kwa pamoja. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi. Tatizo ni kwamba kurasa za majuma tisa, za vijana watatu tofauti, zilikuwa na wino ule ule wa kijani, na sahihi zilikuwa zinalala zaidi kadiri kurasa zinavyosonga, kama mtu anayesaini huku amechoka. Kapteni wa mgahawa hakukana. Alisema ofisi ilimpigia simu saa nne asubuhi kwamba mratibu anakuja saa saba.

Desemba ilipokolea, rosta ikasema yaliyobaki. Wanagenzi walipangwa siku sita kwa wiki, saa kumi kwa siku. Hesabu ya hoteli inaeleweka ukiitazama bila hasira: kibarua wa msimu alilipwa shilingi 10,000 kwa siku, na mwanagenzi wa posho ya 150,000 akifanya siku 26 anagharimu chini ya 6,000. Mpango uliokusudiwa kuwa wa mafunzo ulikuwa umegeuka kuwa njia rahisi ya kupata vibarua wa bei ya chini, tena bila mtu yeyote kukaa na kuamua hivyo.

Usiku ulikuwa na shida yake. Zamu ya jioni iliisha saa tano, daladala zimekwisha. Basi la wafanyakazi liliondoka saa tano na nusu, lakini dereva alikuwa na orodha na wanagenzi hawakuwemo. Bodaboda ya saa hizo ni shilingi 4,000. Msichana mmoja wa mezani alipiga hesabu mbele yangu akaona karibu nusu ya posho yake inaishia kwenye pikipiki.

Kisha mafuta ya moto. Kijana wa jikoni aliungua mkono akimwaga kikaango kwa haraka wakati wa bafe ya Krismasi. Hoteli ilimpeleka hospitali na kulipa kutoka fedha za matumizi madogo, jambo la kushukuru. Lakini ilipofika kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ikabainika hakuna mwanagenzi hata mmoja aliyeingizwa kwenye orodha ya malipo. "Hawa si wafanyakazi," mhasibu alisema. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema vingine: tafsiri yake ya mfanyakazi inamjumuisha mwenye mkataba wa uanagenzi. Mchango wa mwajiri ni asilimia 0.5 ya malipo. Kwa posho ya 150,000 ni shilingi 750 kwa mwezi kwa kijana mmoja, yaani 6,000 kwa wote wanane.

Lililovunja uhusiano kabisa, hata hivyo, ni sanduku. Mapokezi kuna sanduku la mbao la bakshishi ambalo hufunguliwa kila Ijumaa na fedha kugawanywa kwa pointi: supavaiza pointi tatu, mhudumu mbili, wa kazi za nyuma, asiyeonana na wageni, pointi moja. Mwanagenzi hakuwa na pointi. Wiki ya mwisho ya Desemba familia moja ya harusi iliacha bahasha ya shilingi 100,000 yenye jina la msichana wa mezani aliyewahudumia siku tatu. Kwa utaratibu wa hoteli bahasha ilitumbukizwa sandukuni. Ijumaa ikagawanywa kwa watu zaidi ya arobaini, na mwenye jina akatoka mikono mitupu. Hakusema kitu. Ila baada ya hapo wanagenzi wa mezani wakaanza kuficha noti mifukoni, wafanyakazi wakawakamata, na neno "wezi" likatamkwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Januari, waliporudi chuoni, wawili hawakuonekana tena. Mmoja wa vyumbani, mmoja wa jikoni.

## Chanzo kilikuwa wapi

Nilitumia Januari kuzungumza na wasimamizi mmoja mmoja, nje ya hoteli. Aliyenifungulia macho ni msimamizi wa vyumba, mama wa miaka hamsini na kitu, kumi na minne kati ya hiyo akiwa hapo. Anatandika kitanda cha watu wawili kwa dakika tatu, kona zimekaza hivi kwamba sarafu inaruka. Aliishia darasa la saba. Cheti hana.

Alisema: "Mwanangu, hawa watoto wakimaliza wana cheti cha miaka miwili. Mimi ndiye nimewafundisha. Nafasi ya juu ikitoka, nani ataipata? Unaniambia nijichimbie kaburi, tena bila posho ya kushikia jembe."

Kapteni wa mgahawa alikuwa na maneno yale yale kwa lugha ya upole zaidi. Mpishi mkuu alikuwa na lake: aliwahi kufundisha wasaidizi watatu na wote watatu wakachukuliwa na hoteli za Zanzibar ndani ya mwaka.

Mpango wote, ukiutazama bajeti yake, ulikuwa umewekewa fedha za posho za vijana, ada ya chuo, sare na ziara za ufuatiliaji. Kwa anayefundisha kulikuwa na semina ya siku mbili na cheti cha ushiriki. Vyumba ambavyo msimamizi wa vyumba alipangiwa kila siku vilibaki 14 vile vile, awe na mwanagenzi au asiwe naye.

## Maamuzi ya Januari 2024, na sababu zake

Kikao kilikuwa na meneja mkuu, ofisa rasilimali watu, mhasibu, mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, mwalimu kutoka chuoni na mimi. Mezani kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuwaondoa waliobaki sita na kuwahamishia hoteli nyingine. Chuo kiliipenda. Tuliiacha kwa sababu hakukuwa na hoteli iliyo tayari katikati ya mwaka, na kwa sababu ile ingine ingekuwa na kapteni na mama wa vyumba wake.

Ya pili, kuajiri ofisa mafunzo wa kudumu. Hii ndiyo inayopendekezwa na wataalamu wengi, na kwa hoteli ya vyumba mia mbili ni sawa. Kwa vyumba 58 ni mshahara wa ziada kwa mtu ambaye Desemba atapewa trei naye ahudumie.

Tukachukua ya tatu: kumfanya msimamizi afaidike na kufundisha, na kumpunguzia mzigo wakati anafundisha. Kwa vitendo ilimaanisha haya.

Wafanyakazi tisa wa siku nyingi wasio na vyeti waliandikishwa kwenye urasimishaji ujuzi, ule utaratibu wa VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka. Hoteli ililipia nauli na siku za upimaji. Meneja mkuu alisita hapa kuliko penginepo, akihofia kwamba cheti kitawaondoa. Mwakilishi wa tawi alimjibu kwamba wanaoondoka ni wale wanaoona hawathaminiwi. Sina hakika kwamba hoja hiyo ni kweli kwa kila mtu, lakini ilipita.

Anayefundisha alipewa shilingi 40,000 kwa mwezi juu ya mshahara, ikilipwa tu kama daftari limejazwa kila juma na mwanagenzi anaweza kuonyesha kazi iliyoandikwa humo. Jumanne na Alhamisi, siku za wageni wachache, msimamizi wa vyumba mwenye mwanagenzi alipangiwa vyumba kumi tu badala ya 14.

Majina yaliingizwa kwenye orodha ya dereva na kwenye WCF. Haya mawili yalichukua asubuhi moja, na yanaudhi kwa sababu hiyo hiyo.

Sanduku la bakshishi halikuamuliwa kikaoni. Meneja mkuu alitaka kutoa amri, mwakilishi wa tawi akamzuia: fedha ile ni ya wafanyakazi, si ya hoteli. Ikapelekwa kwao. Walibishana jioni mbili, na walichopitisha kilikuwa bora kuliko rasimu yangu. Mwaka wa kwanza mwanagenzi anapata nusu pointi, wa pili pointi moja, na bahasha yenye jina inagawanywa nusu kwa mwenye jina, nusu sandukuni, awe mwanagenzi au kapteni. Sharti la mwisho liliwafurahisha hata wahudumu wa zamani, ambao kumbe walikuwa na kinyongo na utaratibu ule miaka yote.

## Aprili hadi Juni 2024

Bahati ilitusaidia kidogo. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Machi na Aprili, mvua zilikuwa kubwa, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja kutishia pwani nzima. Wageni hawakuwepo. Ghorofa ya juu ikafungwa, na msimamizi wa vyumba akaigeuza darasa.

Mbinu yake ilikuwa yake mwenyewe. Anaingia chumbani peke yake dakika tano, anaharibu vitu kumi: unywele kwenye beseni, foronya iliyogeuzwa, rimoti isiyo na betri, alama ya kidole kwenye glasi. Kisha anamwita mwanagenzi: "Mdogo wangu, nimekuwekea kumi. Nitafutie." Juma la kwanza binti alipata manne. Juma la tano alipata kumi na moja, maana alikuta na bomba linalovuja ambalo mama hakuliona. Hakuna mwongozo wowote niliowahi kuuandika uliofundisha ukaguzi wa chumba namna hiyo.

Mezani mambo yalitulia pia. Kapteni alianza kuwaachia wanagenzi meza kamili, kuanzia oda hadi bili, yeye akisimama mbali. Wino wa kijani ukatoweka madaftarini.

Jikoni hapakubadilika kitu. Mpishi mkuu alipokea ile 40,000 mwezi wa kwanza, mwezi wa pili akairudisha mwenyewe. Alisema hawezi kuchukua fedha kwa kazi asiyoifanya, na hataki kuifanya.

## Oktoba 2024 hadi Juni 2025

Desemba ya pili ndiyo iliyokuwa mtihani, na majibu yake yalichanganyika. Saa 45 zililindwa hadi tarehe 20. Kuanzia hapo hadi Mwaka Mpya hazikulindwa, ila safari hii saa za ziada ziliandikwa na kulipwa. Vyumba kumi badala ya 14 vilisitishwa kwa majuma mawili kwa makubaliano, vikarudi Januari kwa wafanyakazi wapya waliokuwa mafunzoni.

Mmoja wa wanagenzi wawili waliobaki jikoni aliondoka Oktoba, akachukuliwa na hoteli ya kisiwani kabla ya kumaliza. Kwa hiyo kati ya wanane walioanza, watano walimaliza Juni 2025. Hoteli iliajiri watatu: wawili wa mezani na binti wa vyumbani. Mmoja wa mezani alipata kazi hoteli nyingine. Wa jikoni aliyebaki anapika kwenye shughuli za harusi na hana mpango wa kurudi hotelini.

Kati ya tisa waliopimwa kwa urasimishaji, saba walipata cheti, wawili wakaambiwa wakajiimarishe kwanza kwenye kuandika na hesabu. Mama wa vyumba alikuwa miongoni mwa saba. Nafasi ya msimamizi mkuu wa vyumba ilipotoka Machi 2025, aliomba, akapata. Kati ya saba, mmoja tu ameondoka hadi sasa.

## Uchambuzi

Ukiniuliza ni uamuzi gani uliobeba mengine, ni urasimishaji ujuzi. Ile 40,000 ilisaidia, lakini mpishi mkuu ameonyesha kwamba fedha peke yake haimfundishi mtu asiyetaka. Wasimamizi wa vyumba na mgahawa walibadilika pale walipoacha kumwona mwanagenzi kama mtu atakayewapita. Mpango wa uanagenzi ukiingia kwenye hoteli ambayo nusu ya wazoefu hawana cheti, unawaletea wazoefu hao ushindani na kuwaomba waunoe kwa mikono yao. Gharama ya kuwapima ilikuwa ndogo kuliko posho ya mwanagenzi mmoja kwa kipindi kimoja.

Kuhusu sanduku, sifa ni ya wafanyakazi. Amri ya meneja ingeonekana kama hoteli inatoa fedha za wengine ili kuficha ubahili wa posho yake, na isingekuwa mbali na ukweli. Posho ya 150,000 haikupanda kwa miaka miwili. Hilo nililisema kila kikao na nalisema tena hapa.

Kalenda ilitufundisha kwa ajali. Kipindi cha kwanza hotelini kiliangukia msimu wa juu, wakati hakuna mwenye nafasi ya kumwonyesha mgeni kabati la mashuka liko wapi. Kipindi cha masika kilizaa zaidi ya vingine vyote. Vyuo hupanga ratiba kwa muhula, hoteli hupanga kwa wageni, na mwaka ule hakuna aliyeweka kalenda mbili mezani pamoja. Kama awamu ingeanza na hoteli Aprili badala ya Oktoba, nadhani wale wawili wa Januari wangekuwepo bado. Siwezi kulithibitisha.

Ipo hoja ya upande wa pili, na meneja mkuu aliisema vizuri: masika hoteli haina mapato, na ndipo unapoiomba ilipe posho kwa watu wasio na wa kumhudumia. Ni kweli. Kwa hoteli isiyo na semina za katikati ya wiki kuizibia pengo, mpango wa masika unahitaji fedha kutoka nje ya hoteli, na hapo ndipo wanaolipa SDL wana haki ya kuuliza maswali yao.

Jikoni tulishindwa. Wengi waliokuwa kikaoni walimlaumu mpishi mkuu. Mimi namlaumu kidogo tu. Alieleza hasara yake mapema na waziwazi: anafundisha, wengine wanavuna. Cheti hakikuwa na maana kwake, anacho. Alichotaka ni hoteli inayochukua msaidizi wake kabla ya wakati irudishe kitu, na sisi hatukuwa na namna ya kulifanya hilo. Kifungo cha mkataba cha kumzuia kijana asiondoke kilipendekezwa, mwakilishi wa tawi akakipinga, na nilikubaliana naye: kijana wa miaka ishirini hawezi kuwa dhamana ya ugomvi wa hoteli mbili. Njia inayojadiliwa sasa kati ya hoteli chache za mwambao ni kugawana gharama za jikoni na kuwazungusha wanagenzi wa upishi kwenye majiko matatu, ili anayeondoka asiwe ameondoka kwa mtu mmoja. Bado hawajaandika makubaliano.

Awamu ya Julai 2025 hoteli imechukua wanagenzi wanne, wawili vyumbani na wawili mezani, na chuo kimekubali waanze na majuma machache ya hotelini kabla ya darasa. Jikoni haijachukua mtu.